Sura ya Tano: Kizingiti

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2018 niliamka nyumbani Mbale, nikapenyeza mkono chini ya mto kama nilivyozoea, nikagusa alama ya WhatsApp. Haikufunguka. Kiduara kikazunguka na kuzunguka. Nikadhani bando limekwisha; nikaangalia salio, bando lipo. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu saa sita ya usiku ule, yeyote nchini Uganda aliyetaka kuingia WhatsApp, Facebook, Twitter na jamaa zao alipaswa kwanza kulipa shilingi 200 za siku hiyo kwa pesa za simu. Usipolipa, humsalimii mtu.

Kodi yenyewe tuliiita OTT, na wengi hawakujua wala hawakujali herufi hizo zinasimama badala ya nini. Rais Museveni alikuwa amemwandikia waziri wa fedha mwezi Machi akilalamikia "lugambo" wa mitandaoni, yaani umbea, akitaka wanaouendekeza waulipie. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Shilingi 200 hazikununua hata chapati, lakini kwa mwaka ni 73,000, na mama anayepanga nyanya mafungu mafungu sokoni hakuwa akimsengenya mtu. Alikuwa akiuliza kama gari la mboga limeshuka kutoka Kapchorwa. Wengi wakapakua VPN, programu inayomfanya mtu aliyeketi Namakwekwe aonekane yuko Uholanzi, na kwa miezi kadhaa mtaa mzima ukawa unalia chaji, maana VPN hula betri kama mtoto anavyokula muwa. Mwaka wa kwanza wa fedha mamlaka ya mapato ilitarajia shilingi bilioni 284, ikakusanya bilioni 49.5. Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa, mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe.

Sina nia ya kuitetea. Nataka tu kusimulia kilichokipata kidole gumba changu.

Mimi nililipa, tena siku moja moja. Kila asubuhi nilifungua menyu, nikachagua, nikaweka namba ya siri, nikasubiri ujumbe. Nusu dakika, pengine dakika nzima mtandao ukiwa mzito. Ndani ya muda huo nikajikuta najiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu ninunue simu: leo namtafuta nani humu? Siku nyingine jibu lilikuwapo: mkuu wa idara, shangazi aliyelazwa, mzazi wa mwanafunzi. Siku nyingine halikuwapo, nikaiweka simu kando nikabandika chai. Hakuna aliyenihubiria. Sikuweka nadhiri. Kilichobadilika ni kwamba mlangoni palikuwa na kitu cha kuniinua mguu.

Kiswahili kina neno la kitu hicho, nalo lina maana mbili. Kwa mtu wa nyumba, kizingiti ni ule ubao au jiwe la chini ya mlango. Mgeni hujikwaa, mwenyeji hunyanyua mguu bila kufikiri. Kwa mtu wa maji, kizingiti ni mwamba au ukuta unaoyazuia maji yasitoke yote kwa mara moja. Mimi ni mtoto wa Jinja, nimelelewa Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi ambako Msoga, Mluo, Mteso na Mgisu walipatana kwa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa kwa lugha ya mwenzake. Na kwetu maana ile ya pili ilikuwa hadithi ya nyumbani, kwa kuwa baba yangu alikuja Jinja akiwa kijana kubeba mawe kwenye ujenzi wa bwawa.

Kabla ya bwawa, Ziwa Viktoria lilimiminikia mtoni kwa kupita juu ya mwamba. Wasoga waliuita mto huo Kiyira. Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862 akayabatiza maporomoko jina la bwana mkubwa wa kwao, Ripon, na ramani zikamfuata. Mwamba ndio uliokuwa ukiamua. Ziwa likijaa yalipita mengi, likipungua yalipita machache, na hapakuhitajika kikao. Kisha Bwawa la Owen Falls likajengwa chini kidogo ya hapo, Malkia Elizabeth II akalifungua Aprili 1954, maporomoko yakazama na mwamba ukavunjwa. Tangu hapo, maji kutoka ziwani ni uamuzi wa binadamu aliyeshika lango.

Waliojenga waliijua hatari hiyo. Uingereza na Misri, ambayo uhai wake wote ni mto huo, zikakubaliana kwamba maji yatakayoachiliwa yawe yaleyale ambayo mwamba ungeyaruhusu kama ungekuwapo. Wakachora mchoro: ziwa likiwa kiwango hiki, toa kiasi hiki. Wakauita Mchoro wa Makubaliano. Na kwa kuwa Misri haikuwa tayari kuamini maneno matupu, mhandisi wake akaishi palepale Jinja akisoma vipimo.

Miaka ya mwanzo ya 2000, kituo cha pili cha umeme kikiwa kimeongezwa kando ya kile cha kwanza na nchi ikiwa na njaa ya umeme, maji yakaachiliwa kupita mchoro. Ukame nao ulikuwapo, sikatai. Lakini kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu bwawa lijengwe, mitumbwi imekaa juu ya tope, na umeme wenyewe uliotafutwa umekuwa wa mgao, leo upo kesho haupo.

Sijapata bado maelezo mazuri kuliko haya ya yaliyotupata sisi na simu zetu. Vitu vyetu vya zamani vyote vilikuwa na mwamba wake. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Redio ilipiga wimbo wa taifa ikafunga. Barua ya Mombasa ilichukua wiki, na ugomvi ulioanzishwa kwa barua ulipoa njiani. Hata umbea ulikuwa na kizingiti: ilibidi utembee hadi kwa mtu, umkute yupo, akukaribishe, akuletee maji. Nusu ya maneno yalikuwa yameshaisha ukali kabla hujafika.

Mwaka huohuo wa 2006, kijana wa Marekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, unajiongeza wenyewe. Amejuta hadharani tangu hapo. Awali, mtu akifika chini ya ukurasa ilimpasa abofye aende wa pili. Kubofya huko kulikuwa kizingiti chembamba mno, lakini kilitosha kumkumbusha kwamba ana maharage jikoni. Februari 2009 Facebook ikaleta kitufe cha kupenda. Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki mbili za buluu, na kile kisingizio cha heshima kilichotulinda sote miaka mingi, "sijaiona bado", kikafa siku hiyo.

Wanasaikolojia wakieleza kwa nini hatuachi, husimulia njiwa wa B. F. Skinner, waliodonoa kitufe bila kuchoka kwa sababu punje ilikuja mara nyingine na mara nyingine isije. Mimi sihitaji njiwa. Nina wavuvi wa ndoana wa Masese. Mwambie mvuvi kwamba kila akitupa atapata ngege mmoja, atatupa mara kumi na kwenda nyumbani. Mwambie hatapata kitu, ataondoka sasa hivi. Lakini mwache apate mmoja sasa, asipate saa nzima, kisha apate wawili pamoja: jua litazama yuko palepale, na mke akija kumwita atasema, "Natupa hii ya mwisho." Mara ngapi umeisema sentensi hiyo ukiwa na simu mkononi?

*

Hapa kwenye habari ya madhara naomba tupunguze kelele, kwa sababu vitabu vya namna hii hupenda kutisha. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao wa nafsi. Ni kidogo. Kwa upande mwingine, wachumi wa Marekani wakiongozwa na Hunt Allcott waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Watu hao walipata kama saa moja ya ziada kila siku, furaha yao ikapanda kidogo, na ufahamu wao wa habari za siasa ukashuka. Kidogo tena. Na majaribio yalipokwisha, wengi hawakurudi kwa kasi ya zamani.

Kwa hiyo simuamini anayesema simu imeua kizazi kizima, wala simuamini anayesema haina neno. Nionavyo, kinachoumiza si idadi ya saa bali ni saa ipi. Nusu saa ya kuongea na dada aliye Muscat si sawa na nusu saa ya kugombana kwenye kundi la ukoo saa tano usiku. Na huku kwetu kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa na watafiti wa Ulaya: bando la siku. Limenunuliwa asubuhi, linakufa baada ya saa 24. Jioni linabaki MB mia tatu, na mtu aliyelelewa asitupe chakula hawezi kuziacha zife bure. Basi hukaa macho "kuzimalizia". Nimewaona vijana wa Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Mbale wakizimalizia hadi saa nane za usiku, wakitazama wenzao waliohitimu nao wakipiga picha mbele ya magari huko Kampala na Dubai, magari ambayo pengine si yao. Asubuhi wanaamka wamechoka, tena wamejichukia.

Kujichukia huko si neno la kupita. Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti waliokwenda Masaka na Rakai kuuliza watu wa vijijini huzuni kubwa inafananaje kwao, walipewa na Waganda maneno yao wenyewe, mojawapo la kujichukia. Tiba iliyojaribiwa huko, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2003, ilikuwa watu wa kijiji kimoja kuketi pamoja kwa kikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kuongea. Ikafanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Naitaja kwa sababu wapo ambao shida yao si simu. Simu ni mahali wanapojificha tu. Mtu asiyelala wiki tatu, asiyekula, anayesema maisha hayana haja, usimwambie azime data. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zote zina kitengo cha afya ya akili. Mpeleke, tena uende naye.

*

Jaribio la pili lilitujia bila kuombwa, kama lile la kwanza la kodi. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 mitandao ya kijamii ilifungwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa nchi nzima, hadi tarehe 18. Wanafunzi wengi walikuwa nyumbani tangu Machi 2020, na shule zisingefunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Nyumba nyingi zilikuwa zimewakabidhi watoto simu kwa jina la masomo. Halafu ghafla, kimya.

Siku ya kwanza mkono wangu ulikwenda mfukoni kila baada ya dakika chache, kama ulimi unavyokwenda penye jino lililong'oka. Siku ya tatu binti yangu alitoa ubao wa mweso chini ya kitanda cha bibi yake. Jirani akaja na kete zake, wa pili akaja kubisha kwamba wa kwanza anaiba, na uani kwetu pakawa na watu kumi na mbili mpaka giza. Ningekuwa mwandishi mvivu ningeishia hapo. Lakini jirani huyohuyo anayeoka keki, ambaye wateja wake wote huagiza kwa WhatsApp, alimwaga unga uliochacha na machozi. Na uvumi wa wiki ile, nani amekamatwa, nani amekufa, ulikuwa mbaya kuliko wowote niliowahi kuusoma kwenye simu, kwa sababu hapakuwa na pa kuuhakikisha. Lugambo haukufa. Ulirudi kutembea kwa miguu.

Intaneti iliporejea, mitandao ya kijamii ikachelewa zaidi na Facebook ikabaki imefungwa miaka iliyofuata. Kwa nyumba yetu ilitosha. Jioni ileile ubao wa mweso ulikuwa umerudi chini ya kitanda, na mimi nilikuwa nimelala chali na VPN yangu. Siku tano za kunyimwa hazikuacha hata tabia moja. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kile kilikuwa ukuta, na ukuta ukibomolewa watu hupita mbio. Kizingiti hakizuii mtu. Kinamchelewesha tu mpaka aone kwamba anaingia mahali.

*

Mbale ndiyo makao ya watu wanaojua habari ya kujizuia kuliko sisi sote. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, kwenye uwanja wa Mutoto hufunguliwa imbalu, yaani tohara, na kwa miezi inayofuata vijana wa Kigisu husimama mbele ya kisu bila ganzi, bila kushikwa, bila kupepesa. Wageni huona dakika moja ya kisu na kusema: ujasiri! Mimi nimeoa huku, nimekaa uani kwa wakwe nikaangalia yanayotangulia dakika hiyo. Kijana amecheza ngoma ya kadodi siku nyingi barabarani. Ameingia nyumba ya kila mjomba na kila shangazi, kila mmoja amempa kuku au maneno, na kila mmoja ataulizwa baadaye. Amepakwa chachu ya wimbi mwili mzima. Amezungukwa. Alipofika penye kisu, njia zote za kurudi zilikuwa zimezibwa kwa upendo. Ujasiri wake ni wake, simpunguzii. Lakini umejengewa jukwaa na watu mia.

Wajerumani wamelifikia jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti ambao waliwafuatilia watu wazima 205 wa mji wa Würzburg kwa wiki nzima, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku: sasa hivi unatamani nini, na unapambana nacho? Tamaa ya vyombo vya habari na mitandao ilikuwa miongoni mwa zilizowashinda zaidi. Ila lililonishangaza ni hili: wale wenye sifa ya kujizuia sana hawakuwa mabingwa wa kupambana. Walipambana mara chache kuliko wengine. Walikuwa wamepanga maisha yao hivi kwamba kisu na njia ya kukimbia havikukutana.

Imbalu yenyewe siku hizi imeingiliwa na simu. Mwaka 2022 nilimwona kijana mmoja aliyesimama kama mti. Kisu kilipokwisha pita, filimbi imeshalia, aligeuza shingo kumtafuta mama yake. Mtu akakata video ikabaki sekunde mbili za shingo ile, akaandika juu yake kwamba ameogopa. Ikazunguka. Kidonda cha kisu kilipona upesi, yeye akakaa ndani wiki tatu zaidi. Wazee wa ukoo wake hawakuandika barua kwa kampuni yoyote. Mwaka 2024, zamu ya mdogo wake ilipofika, waliweka kapu kubwa la ndizi kwenye lango la uani, na kila aliyeingia, mheshimiwa diwani akiwamo, aliweka simu yake humo. Mke wa diwani alinung'unika. Kijana akasimama, akakatwa, akamtazama mama yake alivyotaka.

Kapu lile limenifundisha kuliko programu zote nilizowahi kupakua za kuzuia programu nyingine.

*

Nimeweka vizingiti vyangu kidogo kidogo, na vingine nimevivunja mwenyewe. Simu inalala sebuleni juu ya redio. Ili iweze kulala huko ilibidi ninunue saa ya mezani yenye kengele, kwa sababu kisingizio changu kikuu kilikuwa "inaniamsha". Bando la siku nimeliacha. Tangu 2021 yapo yasiyoisha muda, ni ghali kidogo, ila yananiruhusu kulala bila kuhisi natupa chakula. WhatsApp nimeitoa kwenye uso wa simu nikaificha ndani ya jalada la tatu, na huwezi kuamini jinsi miguso miwili ya ziada inavyomfanya mtu mzima asahau alikuwa anakwenda wapi.

Na nina mchoro wangu wa makubaliano. Simu za kisasa zina mahali zinapohesabu dakika, ukitafuta kwenye mipangilio. Nimejiwekea dakika 60 kwa siku kwa mitandao yote, na mhandisi wangu wa Misri ni binti yangu. Kila Jumapili baada ya chakula huchukua simu, husoma kipimo na kukitangaza. Jumapili ya kwanza kilisema wastani wa saa 4 na dakika 10 kwa siku. Akapiga hesabu kwenye kiganja. "Baba," akasema, "hizi ni saa nyingi kuliko unazofundisha." Mama yake akacheka mpaka akaondoka mezani. Siku hizi nacheza kati ya dakika 70 na 90. Mchoro unavunjwa, lakini unavunjwa mbele ya shahidi.

Kwenye kundi la walimu tulifanya jambo lililohitaji mjadala wa wiki mbili na utekelezaji wa dakika moja: msimamizi hulifunga saa tatu usiku, asiandike mtu, akalifungua saa kumi na mbili asubuhi. WhatsApp imeruhusu hilo tangu 2018. Malalamiko yalidumu siku mbili. Mwenzetu mmoja aliyekuwa bingwa wa kutukana baada ya saa nne sasa hutukana saa mbili, kwa haraka, na kwa makosa machache ya tahajia.

Si kila mtu anaweza kufuata haya. Kijana wa bodaboda wa stejini pale Clock Tower alinikatiza nikiwa bado natoa mawaidha: "Mwalimu, mimi simu ndiyo kazi." Nikamwuliza, na video za TikTok je? Akacheka. Dawa aliyoipata mwenyewe ni katochi, ile simu ndogo ya tochi isiyo na mambo, ambayo ndiyo namba ya wateja. Ile kubwa humwachia muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, hadi mchana. Analipa amana yake kwa kununua rolex hapohapo, kwa hiyo muuzaji ana sababu ya kumkatalia akija kabla ya wakati.

Na yupo mama wa Namatala ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Saudia. Simu yake haizimwi, haiondoki kifuani, na sitamwambia neno. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, Nabuyonga na mito mingine ilipofurika ikaingia Mbale na kuua watu zaidi ya 20, kundi letu la mtaa ndilo lililotuambia nani amepatikana na nani bado. Usiku huo hakuna aliyelifunga saa tatu. Lango la bwawa limewekwa ili lifunguke pia.

*

Kuna jambo la OTT sikulimaliza. Ile asubuhi ya shilingi 200 na chai niliifaidi wiki saba hivi. Agosti nikagundua kwamba unaweza kulipa mwezi mzima kwa mara moja, shilingi 6,000, usisumbuke tena. Nikalipa. Sikuona kwamba nimeng'oa kizingiti, tena kwa fedha zangu.

Desemba ile nilikwenda Jinja kumwona baba. Tuliketi nje, Walukuba, viti viwili vya plastiki, jua likielekea ziwani. Akaanza hadithi ya mwamba, si ile niliyoizoea ya malkia na bendera, bali nyingine, ya usiku mmoja kabla hawajauvunja, yeye na wenzake wawili wa kambini walipotoroka kwenda kuyasikiliza maporomoko mara ya mwisho, na mmoja wao akavua viatu akaingia majini. Simu ikatetemeka. Kundi la walimu: nani amependekezwa uhamisho na kwa nini si fulani. Nikasema "ehe, baba", nikajibu ujumbe mmoja. Nikajibu wa pili. Nilipoinua kichwa alikuwa amenyamaza, anaangalia barabara, na nilipomwambia aendelee akasema ameshamaliza.

Alifariki mwaka uliofuata. Ugomvi wa kundi lile naukumbuka wote, nani alianza, nani aliandika kwa herufi kubwa, nani alitoka kwa hasira akarudishwa kesho yake. Yule kijana aliyevua viatu, sijui kama alitoka.